Jinsi ya Kukagua Shaka Yako Kuhusu Chanzo cha Joto la Dunia

Mwaka 2018 bodi ya chama kimoja cha ushirika wa kahawa, huku kwetu kwenye miteremko ya Kilimanjaro, iliniita niwashauri kuhusu mkopo. Mavuno yalikuwa yanashuka. Katika taarifa yangu niliweka aya moja niliyoiona ya busara: kwamba hali ya hewa ina mizunguko yake, kwamba habari ya binadamu kuipasha dunia joto imekuzwa, na kwamba chama kisitumie fedha zake kwa hofu. Mzee mmoja mjumbe, mwenye kihamba chake, yaani shamba la ukoo, huko Kibosho, alivua miwani akaniuliza: "Mwanangu, hilo la mizunguko umelikagua, au umelisikia?"

Nilikuwa nimelisikia. Kazi yangu ya ushauri wa biashara ni kukataa hesabu zisizo na risiti, na siku ile mimi ndiye niliyeleta hesabu isiyo na risiti. Nilirudi nyumbani nikaanza kukagua. Utaratibu ninaouandika hapa ndio nilioufuata. Ni kwa ajili yako mwenye shaka kama yangu ya wakati ule, au wewe uliyeko kwenye bodi na mshauri amekuletea aya kama ile. Fizikia ya chuo kikuu haihitajiki. Tafuta daftari, siku chache za kusoma, na ukali uleule unaomwonyesha mweka hazina.

Igeuze shaka iwe dai linaloweza kushindwa

"Tabianchi imekuwa ikibadilika tangu zamani." Ni kweli, ila hapo hujataja chanzo chochote. Mtunza stoo akikwambia "mzigo hupungua siku zote, bosi," humwachi aende. Unamuuliza magunia haya arobaini yametoka lini, kwa mlango upi, na nani alikuwa na funguo. Kwa hiyo andika sentensi moja inayotaja mhusika na kipindi: "Joto lililoongezeka tangu miaka ya 1970 limeletwa na jua." Hiyo inakaguliwa. Ile ya mizunguko, ilivyokaa, haikaguliki kabisa.

Mlima wetu wenyewe una kisa cha jambo hili. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, akaandika habari zake. Kule London, mwanajiografia William Desborough Cooley alishikilia kwa miaka kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Alikuwa msomi hodari, na hoja zake zilipangika vizuri. Hakuwahi kuupanda mlima. Mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken alipanda hadi theluji ikamwangukia. Mimi na aya yangu tulikuwa upande wa Cooley.

Mwite kila mshukiwa, umuulize alama zake

Hapa tumia muda wako mwingi. Kila chanzo cha joto huacha alama tofauti na za mwenzake, na ukiulizia kiwango cha joto peke yake hutawatenganisha kamwe.

Anza na jua, maana ndilo nililolitegemea. Nguvu yake imepimwa kwa setilaiti tangu mwaka 1978. Hupanda na kushuka katika mzunguko wa miaka 11 hivi, kwa kiasi cha moja katika elfu, na kwa kipindi chote hicho haikuonyesha mwelekeo wa kupanda. Hata hivyo joto la dunia limepanda, na kila mwaka kuanzia 2015 hadi 2024 ulikuwa na joto kuliko mwaka wowote uliopimwa kabla ya 2015. Kuna alama ya pili, na hii ndiyo iliyonivunja. Kama jua ndilo linaloongeza moto, angahewa yote ingepata joto, chini na juu. Vipimo vinaonyesha tabaka la chini linapata joto huku tabaka la juu likipoa. Gesi inayozuia joto lisitoke ndiyo inayotarajiwa kuleta sura hiyo. Tena, katika kumbukumbu ndefu, usiku umepata joto haraka kuliko mchana. Jua haliwaki usiku.

Volkano? Wengi hudhani mlima mmoja ukilipuka hutoa gesi kuliko viwanda vyote. Kabonidaioksaidi ya volkano zote kwa mwaka haifiki sehemu moja ya mia ya ile tunayoitoa sisi. Na mlipuko mkubwa hupoza: Pinatubo ya Ufilipino ilipolipuka mwaka 1991, chembe za salfa ilizorusha juu angani zilishusha joto la dunia kwa karibu nusu digrii kwa muda.

Mabadiliko ya njia ya dunia kuzunguka jua yapo, na ndiyo yaliyoongoza enzi za barafu. Lakini huchukua makumi ya maelfu ya miaka. Huyo mshukiwa alikuwa mbali na stoo.

Anabaki hewa ukaa, yaani kabonidaioksaidi. Nilidhani ni nadharia ya wanasiasa wa juzi. Kumbe Mmarekani Eunice Foote alionyesha mwaka 1856 kwamba hewa yenye gesi hiyo hupata joto zaidi juani, na John Tyndall akapima mwaka 1859 jinsi gesi inavyonasa joto. Mwaka 1896 Msweden Svante Arrhenius alikwisha kupiga hesabu ya joto litakaloongezeka gesi hiyo ikizidi. Wakati Foote na Tyndall wanafanya majaribio yao, bado hakuna Mzungu aliyekuwa amepanda mlima wetu.

Fungua leja ya hewa

Mtu atakwambia: "Sawa, gesi imeongezeka, lakini imetoka baharini na kwenye misitu." Hoja hii ni nzuri, na mhasibu yeyote anaweza kuijibu.

Chukua salio la mwanzo. Kabla ya viwanda, hewa ilikuwa na chembe 280 hivi za kabonidaioksaidi katika kila milioni. Charles David Keeling alipoanza kupima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, alikuta kama 315. Leo zimepita 420. Hilo ndilo ongezeko.

Sasa tazama mapokezi. Kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi, na kutengeneza saruji, wanadamu hutoa karibu tani bilioni 37 kwa mwaka. Kiasi hicho kinajulikana kwa sababu mafuta huuzwa, na kinachouzwa kina risiti. Ongezeko linalobaki hewani kila mwaka ni karibu nusu yake tu.

Soma tena hapo. Tumeweka 37, salio limepanda kwa nusu. Bahari na misitu, kwa jumla, zimetoa au zimechukua? Zimechukua. Mtu anayechota kutoka kwenye akaunti hawezi kuwa ndiye aliyeijaza. Nilikaa na hesabu hii usiku mzima nikitafuta kosa, sikuliona.

Kuna na muhuri. Kaboni ya mimea hai ina kiasi kidogo cha kaboni-14, aina ya kaboni inayooza yenyewe polepole. Ile iliyozikwa mamilioni ya miaka haina tena. Hans Suess aliripoti katika miaka ya 1950 kwamba hewa ilikuwa inachanganyika na kaboni isiyo na kaboni-14. Mzigo umebeba chapa ya ghala ulikotoka.

Tenga chanzo cha joto na chanzo cha hasara yako

Hapa ndipo shaka yangu ilipobaki na kazi, na sitaki uitupe. Kujua kwamba binadamu ameipasha dunia hakumaanishi kila hasara imetoka huko.

Barafu ya Kibo imetoka zaidi ya kilomita za mraba 11 mwaka 1912 hadi chini ya 2 mwaka 2011. Nilizoea kusema: wapo wataalamu, kina Georg Kaser na Philip Mote, walioeleza kwamba pale juu ukame, theluji kupungua na jua kali vimekula barafu zaidi ya joto la hewa, na kwamba ilianza kupungua tangu karne ya 19. Pia utabiri wa mwaka 2002 ulisema itaisha kati ya 2015 na 2020, na vipande bado vipo. Yote mawili ni kweli. Kosa langu lilikuwa kuutumia mlima mmoja kufuta hesabu ya dunia nzima.

Vivyo hivyo Ziwa Victoria. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda kwa zaidi ya mita mbili kwa mvua kubwa. Liliposhuka hadi mwaka 2006, ukame ulichangia, na maji mengi yaliyofunguliwa kwenye mabwawa ya umeme ya Jinja yalichangia pia.

Kwa kahawa yetu nilichora safu nne: miti mizee, magonjwa ya chulebuni (huozesha matunda ya kahawa) na kutu ya majani, bei inayomfanya mkulima aache kupogoa, na hali ya hewa. Utafiti wa mwaka 2015 kuhusu arabika ya Tanzania ulihusisha kushuka kwa mavuno na joto la usiku kupanda. Lakini safu tatu za kwanza chama kinazimudu chenyewe, mwaka huuhuu.

Uliza nani analipwa, pande zote

Muulize anayekanusha, na muulize pia anayekuuzia mradi wa kaboni. Kisha tafuta mtu aliyekagua kinyume na maslahi yake. Mimi nilimpata Richard Muller, mwanafizikia wa Berkeley aliyetilia shaka vipimo vya joto. Alivikagua upya na timu yake, sehemu ya fedha ikitoka kwa wafadhili waliojulikana kwa kupinga hoja ya tabianchi. Mwaka 2012 alitangaza kwamba joto ni la kweli na karibu lote limeletwa na binadamu.

Andika taarifa upya

Aya niliyoirudisha kwa bodi ilisomeka hivi: "Joto la dunia limeongezeka kwa zaidi ya digrii moja tangu karne ya 19, na chanzo kikuu ni gesi kutoka mafuta na makaa ya mawe. Afrika imechangia sehemu ndogo sana. Kushuka kwa mavuno ya chama kuna sababu nne. Hatuna vipimo vya kutosha kugawa asilimia kwa kila moja. Mkopo uelekezwe kwenye miche bora ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungo, migomba ya kivuli, na kukarabati mfongo, yaani mfereji wa umwagiliaji."

Mzee wa Kibosho aliisoma mara mbili, akauliza vipimo vitapatikanaje. Tukanunua kipima mvua na kipimajoto kinachoshika joto la juu na la chini. Katibu wa chama huvisoma kila siku saa tatu asubuhi na kuandika kwenye daftari la jalada gumu, kwa kalamu ya wino, na akikosea hukata kwa mstari mmoja na kutia sahihi.