Tomcat kwenye poti 80 bila kuiendesha kama root

Kama umesakinisha Tomcat (seva ya kuendesha programu za wavuti za Java) mwenyewe kutoka faili la tar na inaendeshwa na mtumiaji wa kawaida, ukibadilisha poti ya 8080 kuwa 80 kwenye server.xml (faili lake la mipangilio) itagoma, na logi itakuambia "Permission denied". Usikimbilie kuipa root (mtumiaji mwenye mamlaka yote). Andika `sudo systemctl edit tomcat` (au jina lolote uliloipa huduma yako), uweke mistari hii miwili:

[Service]
AmbientCapabilities=CAP_NET_BIND_SERVICE

Hifadhi, kisha `sudo systemctl restart tomcat`.

Linux huzuia poti zilizo chini ya 1024 kwa watumiaji wa kawaida. Mstari huo unaikabidhi Tomcat ruhusa moja tu, ya kufungua poti hizo. Mdukuzi akipenya kwenye programu yako bado hana mamlaka ya root. Mimi zamani nilikuwa naitia java yenyewe ruhusa hiyo kwa amri ya setcap. Kazi bure: kila java ikisasishwa inapotea, na programu yoyote ya java kwenye mashine inanufaika nayo.

Haitasaidia ukiiwasha kwa mkono kupitia startup.sh, maana ruhusa inatoka systemd (programu inayosimamia huduma za Linux). Systemd iwe toleo la 229 au zaidi, na kerneli (kiini cha Linux) 4.3 au zaidi. Na ukiona "Address already in use", tatizo ni jingine kabisa: kuna programu nyingine imekalia poti, mara nyingi seva ya wavuti kama Apache au nginx. Itafute kwa `sudo ss -ltnp`.