Kupika kwa familia wakati jikoni kunakarabatiwa: hatua kwa hatua

Mafundi wakikaribia kuingia jikoni, wengi huanza kuwaza watapika nini. Anza na umeme na maji, kwa sababu mapishi yatafuata kile ambacho soketi na bomba zilizobaki zinaweza kubeba. Nimewasaidia ndugu na majirani kupanga jiko la muda, na kinachokwamisha chakula cha jioni huwa ni breka (swichi inayokata umeme mzigo ukizidi) iliyoshuka watu wakiwa na njaa. Ndiyo maana hatua ya umeme ni ndefu kuliko nyingine. Tafadhali usiiruke.

Hatua ya 1: Waulize mafundi kabla hawajabomoa

Maji yatafungwa lini, na ni ya jikoni tu au ya nyumba nzima? Breka zipi zitazimwa, kwa siku ngapi? Andika majibu ukutani mahali kila mtu anapaona. Siku ya kufungiwa maji ikikaribia, jaza ndoo zenye mifuniko usiku wa kuamkia siku hiyo.

Hatua ya 2: Chagua chumba na uzuie vumbi

Unahitaji meza imara, dirisha linalofunguka, na kona ambayo watoto hawapiti mbio. Bafuni hapafai kupikia.

Mlango wa jikoni uzibe kwa nailoni nzito kuanzia juu hadi sakafuni, ubandike kingo zote kwa selotepu pana. Vumbi la kukata vigae, zege na mawe lina silika, chembe ndogo sana zinazoingia ndani kabisa ya mapafu, na zinabaki hewani hata mashine ikishazimwa. Usifagie kavu. Futa kwa kitambaa kibichi, meza kwanza halafu sakafu, kabla ya kufunua chombo chochote.

Hatua ya 3: Umeme

Geuza kila kifaa utafute kibandiko chenye wati zake. Gawanya wati kwa volti za umeme wenu, utapata ampea, yaani kiasi cha umeme ambacho kifaa kinavuta. Birika la wati 2,200 kwenye umeme wa volti 230 linavuta karibu ampea 9.6. Jiko la induksheni (jiko la umeme linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku) la wati 2,000 linavuta 8.7. Ukiwasha vyote viwili kwenye ekstensheni moja yenye fyuzi ya ampea 13, umefika 18.3, na hapo ama fyuzi inakatika au plagi inapata moto. Kwenye umeme wa volti 120 wenye breka ya ampea 15, nafasi ni finyu zaidi: wati 1,800 kwa kila kitu kilichopo kwenye laini hiyo.

Sasa sehemu inayokula muda wa watu. Soketi mbili zilizo kwenye kuta tofauti, hata vyumba tofauti, zinaweza kuwa kwenye breka moja. Breka inashuka, mtu anahamisha plagi ukuta wa pili, inashuka tena, anaamini jiko ni bovu, ananunua lingine. Jiko halikuwa na tatizo. Fanya hivi mapema, mchana: shusha breka moja, zunguka nyumba na taa ya mezani ukijaribu kila soketi, na zile zilizokufa zibandike kipande cha karatasi chenye namba ya breka hiyo. Pandisha, nenda kwenye breka inayofuata. Ukimaliza utajua soketi zipi zinachangia mzigo.

Halafu zingatia haya:

- Friji iwe kwenye breka ambayo hutumii kupikia. Breka ikishuka usiku ikiwa na friji, utagundua asubuhi nyama ikiwa imeshapata joto.
- Mashine za mafundi za kukata na kunyonya vumbi nazo zinavuta umeme mwingi. Kubaliana nao watumie breka yao.
- Ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu ifunguliwe yote hata kama unahitaji mita mbili tu. Soma maandishi yake: huwa na viwango viwili, kimoja waya ukiwa umeviringishwa na kingine ukiwa umenyooshwa, na cha kwanza ni kidogo sana. Waya uliobaki umejiviringisha hauna pa kutolea joto.
- Usichomeke ekstensheni ndani ya ekstensheni, wala usipitishe waya chini ya zulia.
- Jiko likishafanya kazi dakika kumi, gusa mwili wa plagi. Uvuguvugu ni kawaida. Ikiwa moto, au unasikia harufu ya plastiki, zima.
- Breka ikishuka papo hapo kifaa kikiwa peke yake, hilo si suala la mzigo. Huenda kuna unyevu au hitilafu. Mwite fundi umeme. Na kamwe usikubali kubadilishiwa breka kubwa zaidi ili isishuke, maana inalinda waya ulio ndani ya ukuta.

Baada ya hapo panga zamu. Chemsha maji kwanza, mimina kwenye chupa ya chai, chomoa birika, ndipo uwashe jiko. Maji hayo ya moto yatatosha chai, uji wa mtoto, na kuanzishia mchuzi bila kuvuta umeme mara ya pili.

Hatua ya 4: Vifaa viwili vinatosha

Msimamo wangu ni sufuria ya presha ya umeme na jiko moja la induksheni. Sufuria hiyo kwa kawaida ni ya wati 1,000 hivi, haijazi chumba mvuke, na joto lake la ndani hupita nyuzi 110, kwa hiyo maharage na nyama ngumu vinaiva upesi. Kwa induksheni, jaribu sufuria zako kwa sumaku. Sumaku isiponata chini, sufuria hiyo haitapika. Maikrowevu naiachia kazi ya kupasha tu.

Sufuria ya umeme ya kupika polepole siipendekezi, hasa kwa maharage mekundu. Yana sumu ya asili ambayo moto mdogo hauiui, na yakipikwa nusu nusu yanaweza kudhuru kuliko mabichi. Yaloweke saa tano au zaidi, mwaga maji, kisha yatokote kwelikweli dakika 10 kwa uchache. Mimi huyaacha 30.

Mkaa na majiko ya gesi ya kambini ni ya nje, kwenye hewa wazi. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na dirisha lililofunguliwa si kinga ya kutosha.

Hatua ya 5: Pika mapema, gandisha

Wiki ya mwisho kabla ya kubomoa, pika maharage, nyama na mchuzi kwa wingi, gawa kwenye mifuko kwa kipimo cha mlo mmoja, ilaze bapa kwenye friza ya nyuzi -18. Mifuko bapa inayeyuka upesi.

Wali utandaze kwenye chombo kipana upoe haraka, uingie friji ndani ya saa moja au mbili. Kuna bakteria ambao mbegu zao huhimili kuchemshwa. Wali ukikaa mezani wanatoa sumu ambayo kupasha tena hakuiondoi. Vyakula vingine vipashe hadi katikati kufike nyuzi 74. Kipimajoto cha chakula ni kidogo na kina faida kubwa.

Hatua ya 6: Vyombo

Kila mtu sahani moja, kikombe kimoja. Kwangua mabaki kwenye pipa, futa mafuta kwa karatasi, osha kwenye beseni moja na suuza kwenye la pili. Maji machafu yachuje, yamwage chooni. Bomba la sinki ya bafuni ni jembamba na huziba.

Hatua ya 7: Usiondoe jiko la muda mapema

Makabati yakishafungwa, jikoni kunaonekana kumekamilika. Lakini kaunta za mawe hupimwa makabati yakiwa tayari yamefungwa, ndipo zikakatwe, na sinki haiunganishwi mpaka kaunta ifike. Watu wengi hurudisha meza siku ya makabati kisha wanabaki bila pa kuoshea sahani. Subiri sinki ipate maji, ijaze, iachie yote kwa mpigo, na upapase viungo vya bomba chini yake kwa karatasi kavu. Ikitoka kavu, anza kuhamisha vyombo.