Kabla hujaipeleka kamera kwenye shughuli ya usiku

Dukani Kariakoo, saa sita mchana, kila kamera ni nzuri. Unapiga picha ya rafu ya bidhaa, inatoka safi, unalipa. Kamera ya kupigia sendofu ijaribiwe gizani, kwa watu wanaotembea. Saa moja na nusu jioni Dar giza limeshaingia mwaka mzima. Coco Beach kwenye taa za wauza mihogo panatosha. Nenda na mwenzako, usiwapige picha wageni bila kuwaomba.

Mwambie aje kukuelekea, kisha akatize mbele yako. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera hufunguka kupokea mwanga, ipange mwenyewe. Ukiiachia kamera, ikiona giza itaipunguza, na utapata ukuta safi na mtu aliyevutika kama moshi. Anayetembea, anza na 1/125 ya sekunde. Anayecheza, 1/250 au zaidi. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ipande hadi 6400. Chengachenga zinazotokea kwenye picha huvumilika, uso uliovutika hauna dawa. Na usidanganywe na kizuia mtikisiko: kinatuliza mkono wako, hakimtulizi bibi harusi.

Lenzi ndiyo yenye kazi kubwa. Ya f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa) huingiza mwanga karibu mara kumi ya ile ya f/5.6, kwa hiyo pesa ikiwa ya kubana, mimi naanzia hapo, bodi, yaani kamera yenyewe, baadaye.

Kisha ingia ukumbini kwenyewe, taa zikiwa zimewashwa. Umeme wetu ni wa hertz 50, na taa nyingi za LED za bei rahisi humeta mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Kwa 1/250 picha moja hutoka ya njano, inayofuata ina mistari. Zima shata ya kimya (ile ya kielektroniki isiyotoa mlio), jaribu 1/100. Hapo wachezaji watavutika kidogo, basi mvizie mtu anapomaliza kugeuka, kabla hajaanza hatua nyingine. Mwili hutulia kwa kitambo.

Fokasi iwe ya kufuata, yaani kamera iendelee kumlenga mtu anaposogea. Suti nyeusi kwenye kona yenye giza huihangaisha, kwa hiyo lenga pale kola nyeupe inapokutana na koti.

Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya begi lililofungwa mpaka ipate joto, la sivyo lenzi itashika ukungu. Kioo cha nyuma ya kamera ni kidogo na kila kitu humo huonekana kikali, kwa hiyo kuza picha hadi uone kope, na urudie hapohapo kama hazionekani.