Bwawa Limepigwa Plasta Mpya: Siku 28 za Kwanza

Fundi akimaliza kusawazisha na kuondoka, plasta ya bwawa bado haijakomaa. Saruji nyeupe iliyochanganywa na unga wa marumaru huendelea kukaza ndani ya maji kwa siku 28 hivi, na madoa mengi anayolaumiwa fundi hutokana na uzembe wa siku hizo. Vipimo vilivyo hapa ni vya bwawa la nyumbani la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5: lita 48,000. La kwako likiwa tofauti, piga hesabu kwa uwiano huo.

Maji yapangwe kabla fundi hajashika mwiko. Ukianza kujaza, usisimame. Maji yakikwama katikati ya ukuta, hata kwa saa chache, huacha mstari usiotoka kwa kusugua. Mpira wa nusu inchi wenye presha nzuri hutoa kama lita 20 kwa dakika, kwa hiyo bwawa hili litachukua saa 40. Ukiwa na mipira miwili, saa 20. Kama mtaani kwenu Malindi mfereji hukatika, weka maboza kwenye ratiba mapema, na tangi la kupokelea liwe tayari. Boza lisimwage moja kwa moja kwenye bwawa tupu, maana nguvu ya maji yake huchimba plasta changa. Litie kwenye tangi, kisha mpira upeleke maji mahali penye kina kirefu, mdomo wake umefungwa kitambaa cheupe. Hapo yakishafika sentimita 60, boza linaweza kumwaga lenyewe. Wakati wote huo asikanyage mtu ndani.

Pima maji unayotilia. Visima vya pwani vilivyochimbwa kwenye matumbawe hutoa maji magumu, yaani yenye kalisi nyingi, na vingine vina chumvi. Yenye chumvi usiyatumie sasa. Maji ya mvua yana tatizo la kinyume: hayana kalisi, kwa hiyo huinyonya kutoka kwenye plasta. Alkalini (uwezo wa maji kuhimili asidi) ikiwa chini ya 80 ppm, yaani sehemu kwa milioni, gramu 800 za sodiamu baikaboneti, ile inayoumulia keki, huipandisha kwa 10 hivi. Kisima chenye chuma kitiliwe dawa ya kushika madini kabla ya klorini yoyote, la sivyo utaona doa la kahawia kwenye plasta nyeupe.

Maji yakifika katikati ya skima (tundu la ukutani linalovuta takataka za juu ya maji), washa pampu papo hapo na uiache saa 72 mfululizo.

Sasa kazi kubwa: kusugua. Plasta mpya hutoa kalisi inayogeuka unga mweupe. Unga huo ukiachwa ukalala, hushika sakafu na kuganda, na baadaye mguu unahisi ukwaruzo. Sugua asubuhi na jioni kwa siku 14, brashi iwe ya nailoni, kamwe si ya waya. Anza kina kifupi, teremsha ukutani, sukuma kuelekea tundu la chini. Stima ikikatika sugua vilevile, kisha rudia pampu ikiwaka. Unga huziba filta ya mchanga haraka: geuza maji uioshe kila presha inapopanda psi 8 juu ya kipimo chake ikiwa safi. Mashine ya kufagia yenye magurudumu ingoje siku hizo 14 zipite, maana huacha alama za njia.

Kalisi hiyohiyo hupandisha pH (kipimo cha asidi ya maji; ikipanda, asidi imepungua), wakati mwingine hadi 8 na zaidi. Ipime kila siku wiki ya kwanza, uishikilie kati ya 7.2 na 7.6. Ikizidi hapo, tia nusu lita ya asidi ya haidrokloriki ya asilimia 33 kwenye ndoo ya lita 20 iliyokwisha kujaa maji (asidi ndiyo inayofuata maji, si maji kufuata asidi), vaa glavu na miwani, zungusha ukimimina polepole pampu ikienda. Pima tena baada ya saa 6. Ukiimwaga yote mahali pamoja, italamba plasta. Ndoo ya asidi isiguse klorini: zikikutana hutoka gesi ya sumu.

Klorini isiingie saa 48 za kwanza. Baada ya hapo, gramu 110 za klorini ya unga ya asilimia 65 zitakupa klorini ya ppm 1.5 hivi. Iyeyushe kwenye ndoo kwanza, kwa sababu chembe ikitua sakafuni huacha doa jeupe la kudumu. Jua la Malindi huila klorini ndani ya saa chache, kwa hiyo wiki ya kwanza ikiisha tia asidi ya sianuriki, inayoikinga na jua, mpaka isomeke ppm 30 hadi 50. Watoto wasubiri nje hadi pH itulie na klorini ikae kati ya ppm 1 na 3.

Mtambo wa chumvi, ule unaotengeneza klorini kutokana na chumvi, usiwashwe, wala chumvi isitiwe, kabla ya siku ya 28. Siku hiyo pima ugumu wa maji. Ukiwa chini ya ppm 200, gramu 700 za kalisi kloridi huuongeza kwa 10 hivi. Iyeyushe kidogo kidogo, kwani ndoo hupata moto mkononi.