Namna ya kulitumia neno "-eupe"

Anayetaka kulitumia neno "-eupe" ipasavyo na aanze kwa kuitazama nomino inayofuatana nalo, kwa kuwa halisimami bila kiambishi cha ngeli: mtoto mweupe, kikoi cheupe, meno meupe, shati jeupe, kanzu nyeupe. Mitaani Mombasa utasikia "gari nyeupe" bila mtu kushtuka, lakini ukisema "kikombe nyeupe" mbele ya wazee wa Mji wa Kale, watajua papo hapo kwamba lugha umejifunzia bara.

Baada ya ngeli, pima maana. Mtu mweupe katika mazungumzo ya hapa si lazima awe Mzungu. Aghalabu ni mwenyeji ambaye ngozi yake haikukoza kama ya ndugu zake, na aliye katikati huitwa maji ya kunde. Ukiagizwa umwite "yule binti mweupe wa nyumba ya pili", usimtafute mtalii. Mkahawani, wali mweupe ni wali usiotiwa viungo wala rangi, tofauti na pilau na wali wa biriani.

Penye utajiri zaidi, kwa maoni yangu, ni pale neno hili linapochukua viambishi vya mahali. Kukipambazuka husemwa kwamba kumekuwa kweupe, na wafungaji wa Ramadhani wanaujua mpaka huo vizuri, kwani aya ya 187 ya Sura Al-Baqara inaruhusu kula na kunywa mpaka uzi mweupe wa alfajiri ubainike na uzi mweusi, na uzi unaokusudiwa ni mwanga unaotanda kwenye upeo wa mashariki, wala si uzi wa cherehani. Kutokana na mwanga huo tunapata "ameibiwa mchana kweupe", yaani watu wakiona, na pia "siri imewekwa peupe", yaani imetolewa hadharani. Katika sentensi hii ya pili tumia "peupe", usiweke "kweupe".

Kwa habari za nafsi, sema moyo mweupe unapomaanisha kutokuwa na kinyongo. "Nimekuja kwako kwa moyo mweupe" ni kauli ya mtu anayetaka suluhu, na haifai kutamkwa na aliyekuja kudai deni. Njia nyeupe ni njia isiyo na kizuizi. Hapo angalia sauti yako, maana maneno hayo hayo huweza kumtakia msafiri heri au kumfukuza mgomvi.

Ukitaka kutia mkazo, acha "sana" na utumie "pe", kiigizi kinachoambatana na weupe peke yake, kama "tititi" kinavyoambatana na weusi na "pyu" na wekundu. Kanzu iliyofuliwa ikapigwa pasi kwa ajili ya sala ya Idi ni nyeupe pe.