Mkasi Kwanza, Kompyuta Baadaye: Kutengeneza Bango la A3

Ukianza kazi kwenye skrini tupu, mkono unakimbilia vilevile ulivyozoea: fonti ileile, kivuli kilekile. Ndiyo maana mimi huanzia mezani, kwa mkasi. Tuchukue mfano wa bango la bonanza la mpira mtaani.

Tafuta manila nyeusi na nyeupe, mkasi, simu yenye kamera na Inkscape, programu ya bure ya kuchorea. Gundi bado.

Hatua ya 1: Jiwekee mipaka

Mchezo usio na mipaka unachosha upesi. Mipaka yangu nakopa kwenye kanga: pindo linalozunguka pande zote nne, mji katikati, na jina, yale maandishi yanayokaa sehemu ya chini ya mji. Macho ya watu wetu yameshauzoea mpangilio huu, kwa hiyo hata ukijaza mji maumbo ya ajabu, mtazamaji hapotei. Rangi nazo zisizidi mbili juu ya nyeupe. Kanga ya kisutu inajitosheleza kwa nyekundu, nyeusi na nyeupe, na unaiona toka ng'ambo ya barabara.

Hatua ya 2: Kata bila kuchora

Penseli weka kando. Kata mpira, kiatu, filimbi, mguu, moja kwa moja. Zungusha karatasi badala ya mkasi, mpindo utatoka laini. Masalia usitupe hata kidogo! Ukikata duara, kinachobaki ni karatasi yenye tundu, na tundu hilo ni umbo kamili. Juzi nilikata soli ya kiatu, ikabaki kipande kilichojikunja upande mmoja; nilipokigeuza, ilikuwa korosho, ileile ya kwenye kanga. Umbo la namna hiyo nisingelifikiria nikiwa nimekaa mbele ya kompyuta. Kaa kwenye hatua hii muda mrefu kuliko zote.

Hatua ya 3: Panga, sogeza, piga picha

Tandaza vipande juu ya karatasi ya A3. Kimoja kiwe kikubwa kupita kiasi: mguu ujaze mji, na mpira uvunje pindo utoke nje. Piga picha kabla ya kusogeza chochote, kisha panga upya. Wakati wa kuchagua, zitazame picha zikiwa ndogo kama kucha. Ile ambayo bado unaona mguu na mpira ndiyo yenyewe.

Hatua ya 4: Pindo

Kunja ukanda wa karatasi mbele na nyuma mara kadhaa, kata umbo moja ukiacha mikunjo ishikane, kisha ufungue. Tayari una mfululizo.

Hatua ya 5: Jina

Kata herufi kubwa kutoka kwenye vipande vya kimo kimoja, upana uachie mkono. Ujumbe uwe na ukali wa kanga: NJOO NA VIATU, MANENO ACHA NYUMBANI. Tarehe, saa na kiwanja viandike kwa fonti ya kawaida inayosomeka. Hapo sichezi, maana mtu akikosea siku, bango limeshindwa kazi yake.

Hatua ya 6: Sasa kompyuta

Piga picha ya mwisho mchana, kivulini, bila flashi, simu ikiwa sambamba na meza. Iingize Inkscape, tumia Trace Bitmap, zana inayogeuza picha kuwa maumbo ya kuchorwa, rekebisha kiwango cha mwangaza mpaka kingo zitokee safi. Usizilainishe, kona za mkasi ndizo uhai wa bango. Ukurasa uwe milimita 297 kwa 420, na rangi ya pindo ivuke milimita 3 kila upande kwa ajili ya kukatwa. Geuza maandishi yawe maumbo, hifadhi PDF, na mwombe mchapaji nakala moja ya majaribio kabla ya kuchapa zote, kwa sababu nyekundu ya skrini mara nyingi hupoa ikifika kwenye wino.