Somo: Kumfuata halibati kwa majira, kuanzia kilindini hadi maji ya kina kifupi

Halibati wa Pasifiki ni samaki bapa, wa kundi moja na gayogayo, ila ukubwa wake ni wa kutisha. Rekodi ya dunia ya aliyevuliwa kwa fimbo ni kilo 208, Dutch Harbor, Alaska, mwaka 1996. Wengi wanaorudi mikono mitupu wana zana nzuri na wako kwenye bahari yenye samaki, ila wameshusha chambo kwenye kina cha mwezi uliopita. Somo hili linahusu Ghuba ya Alaska na maji ya jirani.

Hatua ya 1: Anza na mwezi

Novemba hadi Machi, samaki waliokomaa huwa ukingoni mwa tambarare ya chini ya bahari, pale sakafu inapoporomoka, mita 180 hadi 450. Huko ndiko wanakotaga, mayai kati ya nusu milioni na milioni kadhaa kwa jike mmoja kulingana na ukubwa wake. Kwa boti ndogo, sahau.

Wakimaliza kutaga wana njaa, na kuanzia hapo njaa ndiyo inayowaongoza. Aprili na Mei wanapanda, kwa hiyo anza kutafuta mita 60 hadi 150. Lakini chunguza heringi, samaki wadogo wanaokwenda kwa makundi. Wanapokuja kutaga kwenye mwani wa pwani, halibati huwafuata hadi mita 10 au 20, na mvuvi aliyeng'ang'ania kilindini hupitwa nao.

Juni hadi Agosti ndiyo neema yenyewe: mita 15 hadi 90, wametawanyika wakila pweza, kaa, ngisi na samaki wadogo wa mchangani. Kuanzia mwisho wa Julai, tazama midomo ya mito ya samoni. Samoni waliokwisha kutaga hufa, mizoga ikasukumwa baharini, na halibati hungoja chini kama mtu aliyeketi mlangoni pa jiko. Mwishoni mwa Septemba wanaanza kurudi nyuma. Fuata mabonde yanayoelekea kilindini, ongeza kina kila wiki.

Kina hiki ni cha kuanzia tu. Samaki wachanga hawana haja ya kwenda kutaga na wengi hubaki kina kifupi mwaka mzima. Pia alama zilizowekwa kwenye samaki zimeonyesha kwamba wengi hurudi malishoni mwao yale yale kila kiangazi. Ukipata mahali, hifadhi nukta yake kwenye GPS pamoja na tarehe, kina na hali ya maji.

Hatua ya 2: Soma sakafu

Usitafute mwamba mtupu; hapo utavuta samaki wa miambani na kupoteza machubwi (uzito wa risasi wa kuzamisha chambo). Tafuta mchanga au kokoto inayopakana na kitu: kilima, ukingo, mdomo wa bonde. Halibati hulala bapa, macho yote mawili yakiwa upande wa kulia unaotazama juu, akingoja mkondo umletee chakula. Kwa hiyo upande wa kilima unaopigwa na mkondo una thamani kuliko kilele chake.

Hatua ya 3: Maji

Hapa ndipo siku nyingi huharibika. Homer, mji wa Alaska kwenye Ghuba ya Kachemak, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 7 wakati wa bamvua. Mkondo wa namna hiyo huinua chambo kutoka chini hata ukitundika kilo moja na nusu ya risasi. Chagua siku za maji mafu, tofauti hiyo inapokuwa ndogo, kisha panga uwe umeshatia nanga saa moja kabla maji hayajasimama, uvue mpaka saa moja baada ya kugeuka. Mkondo ukikosekana kabisa harufu haisafiri; ukizidi, chambo hakigusi sakafu. Unachotaka ni kati ya hayo mawili.

Nanga au kuelea? Ukijua mahali, tia nanga, maana harufu ya chambo hujenga njia ndefu na samaki huifuata. Ukiwa unatafuta, zima injini uelee juu ya kokoto. Nanga ifungwe omoni (mbele ya boti), kamwe usiifunge tezi (nyuma), na kamba iwe angalau mara tatu ya kina. Weka boya mwisho wa kamba ili uweze kuiachia yote upesi ukinasa samaki mkubwa au mkondo ukizidi nguvu.

Hatua ya 4: Zana

Mshipi wa kusukwa wa nguvu ya kilo 36, usio mnene, kwa sababu mnene hushikwa na mkondo. Chubwi la nusu kilo hadi kilo moja na nusu, lililotundikwa kwenye kipande kinachoteleza juu ya mshipi ili samaki asilihisi anapobeba chambo. Chini yake kizungushi, kiungo kinachozuia uzi usijisokote, halafu sentimita 60 hadi 90 za uzi mnene wa nailoni wa kilo 90 au zaidi, na ndoana ya duara namba 16/0.

Chambo: heringi mzima, kichwa cha samoni, au mkono wa pweza. Pweza ndiye ninayempendekeza ukisumbuliwa na samaki wadogo, maana hawamng'oi upesi.

Angalia ndoana yako kwa makini baada ya kuvika chambo. Kidole chako kipite katikati ya ncha na shina. Kama nyama imejaza uwazi huo, ndoana haiwezi kugeuka kwenye pembe ya mdomo, na samaki ataitema akiwa ameshafika nusu ya njia.

Hatua ya 5: Kushusha na kungoja

Shusha polepole, chubwi liguse, kisha inua nusu mita. Kila dakika gusa tena sakafu, maana kina hubadilika. Mshipi ukilala zaidi ya nyuzi 45, ongeza uzito. Vuta chambo ukitazame kila dakika 20.

Halibati akishika, ncha ya fimbo hupiga mara mbili tatu, kisha huinama taratibu na kubaki chini. Usikurupuke kuivuta kwa kishindo. Iache fimbo ikunje yenyewe, halafu zungusha rili kwa nguvu moja.

Hatua ya 6: Ubavuni mwa boti

Usitoe kichwa chake nje ya maji kabla chusa (mkuki wa kuchomea samaki) halijawa mkononi. Akigusa hewa hulipuka. Chusa lipige nyuma ya matamvua, likiwa na kamba ya mita 4 au 5 iliyofungwa boya. Mkubwa afungwe nje ya boti kwa kamba ya kichwani na mkiani, akatwe matamvua atoe damu. Mkia wake unaweza kuvunja mguu wa mtu.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, navua mita 40 mwezi Julai, chambo kinarudi kimetafunwa lakini hakuna kitu. Shida ni nini?*
Mara nyingi ni papa wadogo au samaki bapa wengine. Badilisha kuwa pweza, sogea mita 200 hivi. Kama bado, chunguza ule uwazi wa ndoana.

*Mwalimu, samaki wangu alikuwa mzima lakini mnofu umetoka mweupe kama chaki na mkavu. Ni ugonjwa?*
Si ugonjwa na hana madhara ukila. Samaki aliyepigana sana hujaza asidi kwenye misuli, na joto la kiangazi huongeza tatizo. Mtoe damu mara moja, mtie kwenye barafu, usimwache juani.

*Niliyempata ana sentimita 150. Nimrudishe?*
Huyo ni karibu kilo 45, na wa ukubwa huo karibu wote ni majike wanaotaga. Kwa maoni yangu mrudishe, nyama ya samaki wa kilo 10 hadi 15 ni bora zaidi. Hana kibofu cha hewa, kwa hiyo hadhuriki kwa kupandishwa kutoka kilindini. Usimguse kwa kulabu mwilini. Mwache majini, kata uzi karibu na ndoana.

*Ndugu, sheria zikoje kwa anayevua mwenyewe bila kiongozi?*
Alaska, uvuvi wa burudani huruhusiwa Februari 1 hadi Desemba 31, na kikomo cha kawaida ni samaki wawili kwa siku. Wanaokodi boti yenye kiongozi wana masharti yao, nayo hubadilika kila mwaka. Usimkate vipande vidogo ukiwa baharini: vinaruhusiwa viwili vya mgongo, viwili vya tumbo na mashavu mawili, ngozi ikiwa imebaki kwenye kila kimoja, ili mkaguzi aweze kuhesabu.

*Oktoba kuna haja ya kwenda?*
Ipo, kama bahari imetulia. Anzia mita 90 kwenye mdomo wa bonde, ushuke kuelekea nje. Wanene ndiyo wakati wao.